Damu ya Tinga iliyobaki

Velma, dada Kahaso ametoka sasa hivi kwa wale watafiti wa Shanzu. Amechoka, hata kiatu hajavua.

Unamkumbuka marehemu mwanawe Tinga, alivyotolewa damu kupimwa sikoseli? Kumbe damu yenyewe wangali nayo! Wanaifanyia utafiti mpaka leo, na hakuna aliyemuuliza mamake.

Eti daktari anamwambia, "Mama, sampuli hii ina faida kubwa."

Sampuli, Velma!

Kahaso akamjibu, "Huyo ni mwanangu. Mimi nilijua nimeshamzika."

Daktari akainama. Akasema Kahaso akitaka, wataimwaga.

"Kuimwaga? Mtaimwaga wapi?"

Daktari akatupia jicho sinki.

Ndipo Kahaso akasema polepole, "Nipeni mwenyewe. Nitaifukia pale alipolala."

Wamekubali. Jumamosi tunazika tena, Velma. Njoo.