Jina Limeshachukuliwa

Shoga uko? Usipige simu, mdogo wangu yuko sebuleni, atanisikia.

Si nilikwambia atanisaidia kufungua akaunti ya mtandaoni ya kazi yangu ya ushonaji? Basi tumekaa mezani, naandika Sindano Moja, vile wateja wote wanavyoniita. Simu inakataa. Anasema, "Dada, nafasi hairuhusiwi kwenye jina, unganisha." Naunganisha. Inaniambia jina limeshachukuliwa.

LIMESHACHUKULIWA! Na nani?

Yeye ananishika bega kabisa. "Pole dada, ndiyo mitandao. Weka jingine tu." Nikaweka jina la ovyo ovyo, nikaingia, nikamsaka huyo mwizi. Picha ya kwanza ni lile gauni langu la kijani! Limevalishwa ile sanamu yangu iliyovunjika mkono!

Nikabonyeza kumfuata, ili nimtukane vizuri.

Simu ya mdogo wangu ikalia. Pale pale mezani, mbele ya macho yangu. "Una mfuasi mpya," na hapo chini lile jina langu la ovyo.

Shoga, ni yeye. Aliyenipa pole ndiye yeye!

Namuuliza kwa nini. Hata hakutikisika. "Jina lilikuwa limekaa tu, dada. Wewe hukuwa unalitumia."

Limekaa tu! Nimejifungia chumbani.

Na unakumbuka jina hilo lilikotoka. Mashine iliniharibikia, nikashona gauni zima kwa mkono, kwa sindano moja, mpaka vidole vikatoka damu.

Gauni la harusi yake.