Bibi Kresensia Angali Mvuani

Mpendwa mwanangu Oliva,

Marahaba. Naitikia, ingawa hujaniamkia tangu radi ilipoua ng'ombe wa Baba Kulwa kule Msanzi. Barua hii naiacha wazi kwa makusudi, ili walioisoma hadithi yako katika simu zao waisome na hii.

Unalikumbuka shamba letu la pembezoni mwa Izia, mwaka ule ulipomaliza kidato cha sita ukakaa nami? Tulifyeka nyasi, tukazilaza, tukazifukia kwa udongo zikawa intumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa huyaachia mvua yaoze ndani yapate rutuba. Mikono ilikuwa shambani, midomo ilikuwa mbali: kwenye nyota, kwenye miji iliyojengwa chini ya bahari, kwa majoka yenye mabawa uliyoyakuta katika vitabu vya mitumba vya Kizwite. Mimi, kwa tabia yangu ya ualimu, kila joka niliuliza linakula nini na linakunywa wapi.

"Shangazi, wewe unataka joka liwe na kadi ya kliniki!"

"Nataka nijue linaishije. Lisilokula halipo hata katika hadithi."

Ulicheka mpaka ukaangusha jembe. Kisha ukayanyooshea kidole matuta. "Tazama intumba hizi. Tunazika majani, tunavuna maharage. Mtu wa mbali akisimuliwa, si atasema ni uchawi? Kumbe ni sayansi ya bibi zetu." Niliendelea kufukia.

Baadaye ulikwenda chuo Dar es Salaam, na wenzako wakakutania, "Oliva wa Sumbawanga, usiturushie radi!" Ulicheka nao, lakini likizo ulirudi umekasirika. Ukaniambia, "Wanatucheka kwa radi, Shangazi. Basi nitaifanya radi iwe umeme wetu." Ndipo ukaandika habari za kikongwe mfinyanzi anayeinasa radi katika mitungi, kisha akaendesha kwayo mashine ya kusaga na kuwasha taa za zahanati. Nilikuuliza mtungi unahifadhi radi kwa muda gani, na ukipata ufa inakuwaje. Ulikuwa na majibu yote. Ni hadithi nzuri, Oliva. Nasema hivyo hata leo, tena mbele za watu.

Jambo moja tu lilitushinda kupatana. Kikongwe wako ulimweka kijiji cha Msanzi. Mlango wa bluu, mguu wa kushoto unaoburuta, mitungi iliyopangwa ukutani ikauke: alikuwa Bibi Kresensia mzima, mfinyanzi wa pale pale, umembadilisha jina tu. Nilikuambia ukihamishe kijiji hicho, ukipe jina lisilokuwapo duniani, kwa sababu huku kwetu bado wapo wanaoamini kwamba radi hutumwa na mtu. Nikakukumbusha bibi yako, mama yangu mimi. Hakuanza ngano kabla hajaita, "Hadithi! Hadithi!" nasi tukaitikia. Asiyeitikia alitolewa nje, maana hakukubali kwamba kinachofuata ni cha kubuni.

"Msomaji wa leo ana akili, Shangazi. Siwezi kumshika mkono mpaka mlangoni."

"Sikatai kwamba ana akili. Nasema ana hofu."

"Nikiziogopa hofu zao, sitaandika kitu."

Ukaituma katika kundi la simu la vijana wa Msanzi.

Mvua za mwaka huu, radi ilipiga mti ambao ng'ombe wa Baba Kulwa walikuwa wamejikinga chini yake. Vijana hawakungoja. Walikwenda kwa Bibi Kresensia na simu, wakamsomea kipande kinachoeleza mitungi. Yeye hajui kusoma, alidhani wanamsifu. Wakamuuliza, "Bibi, mitungi hii inayosemwa humu ni yako?" Akawajibu kwa fahari, "Ni yangu! Nani mwingine anafinyanga hapa?"

Waliivunja yote. Mwenyekiti wa kijiji aliwahi kabla hawajamgeukia Bibi mwenyewe, akampakia kwenye bodaboda, akamleta kwangu.

Baba Kulwa naye alikuja. Unamjua, alihamia huku na mifugo yake kutoka Shinyanga, hana ugomvi na mtu. Alimletea Bibi maziwa, lakini hakuvuka kizingiti. "Mwalimu, mimi simshtaki mtu," aliniambia, kofia mkononi. "Lakini simu imesema mitungi, na mitungi ilikuwapo."

Wewe ulinitumia ujumbe mmoja: "Si mimi niliyevunja mitungi, Shangazi." Ni kweli, si wewe. Kisha ukaifuta hadithi, ukanyamaza. Umeifuta katika simu yako, mwanangu. Katika simu zao imebaki, na sasa wanasema imefutwa kwa sababu ni ya kweli.

Bibi Kresensia anaketi jikoni kwangu, hagusi udongo. Mvua zinaelekea kwisha na nyasi za shamba lake hazijafukiwa. Udongo ukikauka hakuna intumba, na pasipo intumba mwakani atakula nini? Kila asubuhi ananiuliza, "Mwalimu, leo naenda?" Namwambia njia ina tope. Wiki hii jua limewaka, sijui nitamwambia nini.

Sikuombi uache kuandika. Nakuomba uje. Mwenyekiti yuko tayari kuitisha mkutano. Simama mbele yao, uite kama bibi yako alivyoita, uwaambie kwa kinywa chako kwamba ulibuni, nao waitikie. Nikisema mimi, wataona namkinga mgeni wangu. Aliyeitunga ni wewe. Sina hakika kwamba itatosha, wala siwezi kukuahidi kwamba wote wataitikia. Lakini sioni njia nyingine ya kumfikisha mlangoni kwake.

Juzi aliniomba nimsomee hadithi yote, si kipande. Nilisita, kisha nikasoma ile nakala ya karatasi uliyonipa mwanzo. Alisikiliza akichambua maharage mpaka nilipofika kwenye zahanati.

"Mitungi yangu imewasha taa?"

"Ndiyo, dada."

"Hata ya chumba cha wazazi?"

"Hata hiyo."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Huyu mtoto mwongo kweli! Mungu ambariki."

Nikaendelea hadi mwisho, pale kikongwe anapopanda mlima peke yake, mtungi wa mwisho kichwani, mvua inamnyeshea. Nikaikunja karatasi. Yeye akangoja.

"Soma basi."

"Imeisha."

"Imeishaje, naye bado yuko mvuani?"

Aliyarudia maharage yake. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mwambie anirudishe nyumbani."

Nimekuambia, Oliva. Jembe lako liko nyuma ya mlango, pale ulipoliacha. Njoo kabla udongo haujakauka.

Ni mimi shangazi yako,
ninayengoja kuamkiwa,
Izia, Sumbawanga.