Tope la Kijani

Jumatatu, 4 Machi
Nimefungua bomba jipya. Plastiki nene, urefu kama kitanda, ndani yake tope la sakafu ya bahari ya mbali huko kwenye barafu—juu la juzi, chini la kale mno. Naosha, nachekecha, nachambua vijiwe kwenye hadubini. Jiwe halielei. Lilibebwa na pande la barafu, barafu ikayeyuka, jiwe likazama. Vijiwe vikiwepo, barafu ilikuwa jirani. Ndiyo kazi yangu. Chumba cha baridi, koti, soksi mbilimbili. Kutwa nzima aliyenisalimu ni mlinzi tu, naye alikuwa na simu sikioni. Huenda hakuwa ananisalimu mimi.

Jumatano, 6 Machi
Mama kapiga. Wifi amejifungua mtoto wa kike! Kaka anatembea kifua mbele utadhani kazaa yeye. Mama anauliza naja lini. Nikasema kazi ikiisha. Akasema matope yapo hata nyumbani, tena ya bure. Nilicheka. Simu ilipokatika niliwasha redio, ili tu chumbani kuwe na mtu anaongea.

Alhamisi, 7 Machi
Katikati ya bomba rangi inabadilika. Kijivu, kijivu—ghafla kijani. Vijiwe hakuna. Badala yake mwani, chembechembe zenye magamba kama kioo, zimejaa tele. Mwani unataka jua, na chini ya barafu hakuna jua. Basi enzi hizo pale palikuwa bahari wazi. Barafu ilishaondoka.

Na Mzee Barafu, mkuu wetu wa maabara (jina la utani; analijua, analipenda), ameandika maisha yake yote kwamba barafu hiyo haikutikisika. Kwamba enzi hizo dunia ilipata joto kama hili tunaloliendea, na barafu ikasimama imara. Watu wanajenga pwani kwa kuamini maneno hayo, kwamba bahari haitapanda.

Humu ndani ni yeye tu anayeniuliza nimelalaje.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwambia. Aliinamia hadubini muda mrefu. Kisha akasema huenda mkondo wa bahari ulilisukuma tope hilo kutoka kwingine, nirudie. Kwa upole. Upole wake ndio ulioniuma.
Nimerudia. Ni lilelile.

Jumatano, 13 Machi
Kantini Mzee alikaa na mafundi, kanipa mgongo. Nilikula harakaharaka.
Kaka katuma picha. Mtoto kakunja ngumi, kanuna kama Mama. Nilitamani kumwonyesha mtu. Nikamwonyesha mhudumu wa kantini. Akasema mzuri, akauliza kama ni wangu. Mtoto wa kaka ni wangu. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 15 Machi
Lipo bomba la pili. Lilitolewa na meli ileile iliyotoa hili, ila mahali pa mbali, na halijawahi kufunguliwa. Kama nalo lina kijani, habari ya mkondo imekwisha. Ufunguo wa ghala anao Mzee. Nimemwandikia kuuomba. Kimya.
Mwenzangu wa meza ya jirani kaninong'oneza nimwache mzee wa watu astaafu kwa amani. Nimeliwaza hilo njia nzima. Astaafu, sawa. Na wale wa pwani?
Nimepika chakula cha watu wawili. Mazoea ya nyumbani. Kingine nimekifunika.

Jumatatu, 18 Machi
Naandikia ghalani, nimekaa juu ya kreti.
Nilipofika asubuhi nilimkuta Mzee ndani, koti limefungwa hadi kidevuni, bomba la pili kalilaza mezani. Macho mekundu. Nilianza kuomba radhi, akanyanyua mkono.
"Mwanangu, taa za humu zinanichanganya rangi siku hizi. Tukilifungua, utaniambia ukweli?"
"Nitakuambia, Mzee."
"Hata kama nitanyamaza?"
"Hata ukinyamaza."
Akashika msumeno. Tulikata plastiki huku na huku, yeye kichwani, mimi miguuni. Tukapitisha waya kwenye tope kulipasua nusu mbili, ukakatika karibu na mwisho. Kaenda kutafuta mwingine. 
Vipande vimeachia kidogo upande wangu. Ufa wa upana wa kidole, na taa iko juu yangu. Nikiinama tu nitaona.
Nimeligeuzia bomba mgongo, tuje tulione pamoja. Nasikia viatu vyake koridoni, vinakuja polepole