Mpira Tulioukata Vipande Viwili

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila salamu hiyo.

Nimeolewa, Baba. Nestori ni mume wangu! Nikiandika neno hilo naona haya peke yangu, kisha natamani kuliandika tena: mume wangu. Ulisema harusi isingojee upone, na ulipotutoka siku chache kabla yake, wakubwa wakasema agizo la marehemu halivunjwi. Nililia ndani ya shela, nikacheka ndani ya shela hiyo hiyo. Asubuhi huniamsha kwa Kirundi, nami humjibu kwa Kiha, na tunaelewana kila kitu isipokuwa zamu ya nani kuchota maji. Furaha hii ningependa uione. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Baba, ile Kombi imekufa.

Ile ya tajiri wa dagaa wa Kibirizi, yenye kabureta mbili, uliyoitunza kama mgonjwa wako. Baada ya mazishi alimpa Nestori kazi yako yote: kuitengeneza na kuiendesha hadi Kalinzi na mzigo. Kwa kazi hiyo alipata kibali cha kukaa nami hapa Rusimbi. Mkimbizi asiye na kazi hurudishwa kambini. Tulilijua hilo.

Kabla ya safari ya kwanza tuliishughulikia injini pamoja, pale pale Kibirizi. Uso wangu ulijaa grisi, wachukuzi wakinipigia kelele, "Bi harusi wa oili chafu!" Nikawajibu, "Na bwana harusi anaipenda!" Taiming, yaani wakati wa cheche kuwaka, tuliiweka ulivyotufundisha: balbu ndogo kwenye koili, Nestori akizungusha distribyuta polepole, balbu ikawaka pale pale penye alama. "Kwanza moto, halafu pumzi," ulikuwa ukisema. Moto ulikuwa sawa, naapa.

Pumzi ndiyo iliyotumaliza.

Wewe uliposawazisha kabureta ulitumia kile kipande cha mpira mwembamba wenye tundu, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye koo la kabureta ya kulia, ukisikiliza hewa inavyovutwa. Kisha kushoto. Kisha kulia tena, bisibisi mkononi, mpaka makoo yote mawili yavute sauti moja. Siku moja Nestori aliomba asikilize upande wa pili, ukamfukuza: "Toka hapa, Mrundi wangu, hii si ngoma ya watu wawili!" Tulicheka. Tulidhani unatania.

Basi tukaukata mpira wako. Kwa mapenzi tu, Baba. Yeye kipande chake, mimi changu, tumeinamia injini vichwa vikigusana, kila mmoja akiiga kwa mguno sauti anayoisikia, tukigeuza skrubu mpaka miguno yetu ikafanana. Alikuwa mzuri mno wakati ule. Nikajiambia, ndoa ndiyo hii.

Leo nimevilaza vile vipande sakafuni. Changu kirefu, chake kifupi. Kila mpira una mluzi wake. Tulisawazisha sauti zetu, injini hatukuisawazisha. Upande mmoja ulikuwa unavuta hewa nyingi na petroli kidogo. Kwenye tambarare ulivumilia, lakini kwenye mlima wa Kalinzi, na magunia yale, injini isiyo na maji, inayotegemea upepo tu kupoa, ilipata moto upande ule mpaka ikanoki, ikafa moja kwa moja. Nestori alirudi kwa miguu. Alikaa mlangoni, akasema tu, "Databukwe angesikia." Mkwe wake angesikia. Ndiyo, ungesikia.

Tajiri alikuja hadi uani. "Mapenzi yenu fanyieni chumbani, si kwenye gari langu!" Kazi ikaisha, na kibali nacho.

Nimekaa bandani kwako nikijaribu kukumbuka zaidi. Maneno yako ninayo. Mikono yako, sikio lako, vimekwenda nawe, na nilikuwa hapo miaka yote nikishika taa bila kuuliza.

Shangazi ananisihi: "Msichana wa Fom Foo, ukalale kwenye hema? Mwache aende, utamfuata." Nikibaki, nina nyumba tupu na kaburi. Nikienda, kaburi lako litamezwa na majani. Saruji niliyokuahidi sina. Sijui kama nitaruhusiwa kurudi, wala kama wakimbizi hawatapelekwa mbali zaidi. Baba, nimechoka, na nimeolewa juzi tu.

Lori la kwenda kambini linaondoka kesho asubuhi. Nguo zake na zangu nimezifunga kwenye kitenge kimoja.

Kwaheri, Baba yangu. Usingoje nifagie hapo. Nakuahidi jambo moja tu ninaloliweza: sitamwacha Nestori aamini kuwa aliiua Kombi peke yake. Kila atakapoinamisha kichwa huko kambini, nitamwambia tulikuwa wawili.

Binti yako,
Restuta