Kilichokuwa Nyuma ya Mabati

Malaba,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeketi kwenye kile kiti chako kinachoelekea mlimani, na goti la kushoto limekupa nafuu ya kukufikisha shambani na kukurudisha. Je, Mama bado anakohoa asubuhi? Nyani wameyahurumia mahindi ya bondeni msimu huu, au mmevuna yale waliyowabakizia? Mimi mwili wangu ni mzima. Nimeanza na mwili kwa sababu hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, ungeniuliza kulikoni, nami ningekudanganya.

Katika barua zangu za awali nilikueleza kwa fahari jinsi shahada yangu ya ununuzi na ugavi ilivyonipatia nafasi katika kampuni ya uwakala wa forodha, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Nilikueleza pia kwamba nilipandishwa cheo. Sikukueleza ni kazi gani iliyonipandisha.

Ilianza pale wakala mwenzetu alipovamiwa kwenye barabara ya Amukura akavunjwa taya. Mwajiri wangu, Mzee Wafula, aliomba leseni ya kumiliki silaha, na kibali kilipotoka aliniita mbele ya makarani wote.

"Chuo," alisema, maana hapa wote wananiita hivyo, "wewe si ulisomea kununua vitu? Basi nichagulie bastola. Na sitaki kitu ya kufukuza panya."

"Ile inayojipakia risasi yenyewe, Mzee?"

"Ile ukiitoa tu, mtu anakumbuka jina ya mamake."

Makarani walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa niliiona fursa. Kwa wiki mbili niliishughulikia bastola kama zabuni ya serikali. Nilichora jedwali la bastola nne na vigezo sita: nguvu, idadi ya risasi, uzito, uimara, upatikanaji wa vipuri, na uwezo wa kupenya. Nguvu na kupenya niliviwekea alama nyingi kuliko vingine. Ile ya milimita kumi ikaishinda ya milimita tisa bila ubishi. Zikabaki risasi zenyewe. Nilipewa aina mbili nichague: yenye ncha ngumu iliyovikwa shaba, ambayo hupita moja kwa moja, na yenye ncha iliyotobolewa, ambayo ikigonga mwili hutanuka na kubaki humo. Ya kwanza niliipa alama tisini, ya pili hamsini na tano. Niliandika sentensi ambayo sasa inanijia hata ninapopiga mswaki: "Risasi kuishia ndani ya shabaha ni upotevu wa nguvu." Mzee alilisoma jedwali, akanipandisha cheo.

Muuzaji wa Nairobi tuliyemwendea alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Alilisoma jedwali langu lote taratibu, akanitazama juu ya miwani.

"Kijana, huko kwenu mko kwa nyumba za mawe ama za mabati?"

Baba, nilidhani ananidharau. Nilidhani amemwona mtoto wa mashambani ndani ya suti ya kuazima.

"Ofisi yetu ni ya kisasa," nilimjibu.

"Haya, ya kisasa," akasema, na hakuuliza tena.

Ofisi yetu ni mabati kwa nje na mbao laini kwa ndani, tumepaka rangi ya maziwa ili wateja wasitambue.

Wewe ulibeba bunduki mbugani miaka mingi, ukastaafu, na hukutusimulia hata siku moja. Ungenitoa gizani kwa neno moja. Sikukuuliza. Nilitaka nikuletee habari ya ushindi, nisikuletee swali.

Sasa nikujulishe kwa dada Amoit. Ni Mteso, mwenyeji wa hapa, mwenye umri unaokaribiana na wa shangazi, na kazi yake ni kushona maturubai ya malori yaliyochanika. Sindano yake ina urefu wa kalamu. Kila alasiri huketi nyuma ya ofisi yetu, kwa kuwa saa hizo ukuta wetu ndio wenye kivuli. Tangu nifike hapa, ndiye mtu wa kwanza kunibakizia uji bila kunitaka kitu. "Kunywa, Chuo," husema. "Kingereza haishibishi."

Siku ya soko, saa nane mchana, mtu aliingia ofisini na panga akautaka mkoba uliokuwa mezani. Mzee Wafula aliitoa bastola na kufyatua mara moja. Mlio ule, Baba, bado haujaisha masikioni mwangu. Yule mtu hakuguswa hata ukosi; aliliacha panga sakafuni akapotea katikati ya malori. Ukutani palikuwa na tundu dogo, safi, kama limechorwa kwa bikari. Risasi ilikuwa imefanya kila nililoiandikia.

"Okota hiyo kitu," Mzee aliniambia. Alimaanisha ganda la risasi. Niliokota. Lilikuwa bado la moto.

Ndipo tuliposikia sauti nyuma ya ukuta, sauti ya upole kabisa.

"Chuo? Wewe uko? Kuna kitu imeniuma."

Nilimkuta ameketi vilevile juu ya turubai, sindano mkononi na uzi bado ndani yake. Bega la kulia lilikuwa limelowa. Nilimbeba hadi kwenye gari, na njia nzima ya hospitali alikuwa akiniomba radhi kwa kuichafua suti yangu.

Polisi walipofika, Mzee Wafula aliwaambia kwamba jambazi ndiye aliyepiga risasi. Ofisa aliniuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Nilijibu, "Ndivyo, afande." Ganda lilikuwa mfukoni mwangu.

Dada Amoit aliishi, lakini mkono wake wa kulia haunyanyuki tena kupita kiuno. Mdogo wake ndiye anayeisukuma sindano sasa, naye humwelekeza kwa kidevu. Uji bado ananiletea, kwa mkono wa kushoto, ukimwagika njiani. "Huyu alinibeba kama mtoto," huwaambia madereva. "Hao wezi Mungu atawaona." Madereva huitikia amina. Nami hunywa.

Kila asubuhi, jua likipanda, mwale mwembamba hupita kwenye lile tundu na kutua juu ya meza yangu. Mzee aliniamuru nitundike kalenda. Niliitundika. Nuru ikapita hata kwenye karatasi, likabaki doa la manjano katikati ya mwezi. Nimeiondoa kalenda, nimeisogeza meza mara mbili. Doa hunitafuta, au labda mimi ndiye ninayelingoja.

Juma lililopita Mzee Wafula aliniita tena. "Ofisi ya Busia nakupatia wewe uisimamie. Na meneja lazima ajilinde. Omba leseni, halafu toa ile jedwali yako ujichagulie. Si uliifanya vizuri?"

Jana asubuhi niliketi nikalifungua jedwali. Mwale ulikuwa umetua juu ya safu ya kupenya, juu ya ile tisini. Nilijaribu kuandika jina langu sehemu ya mnunuzi, nikashindwa. Nililikunja. Alasiri nikachukua ganda kutoka kwenye droo, nikazunguka nyuma ya ukuta.

Nilimweleza dada Amoit yote: bastola, alama, mzee wa miwani, na neno nililomwambia afande. Mdogo wake aliacha kushona. Dada Amoit aliinyoosha karatasi juu ya goti, akazifuata tarakimu kwa kidole cha kushoto.

"Hizi zote ni alama?"

"Ndiyo, dada."

"Na mimi ulinipatia ngapi?"

Katika jedwali lile hapakuwa na safu yake.

Hakulia wala hakunitukana. Aliichukua sindano kutoka kwa mdogo wake, akanipa. "Shona. Dereva anangoja." Nilishona hadi vidole vikatoka damu. Nilipomaliza alisema tu, "Jumatatu twende kwa polisi. Utasema ukiwa mbele yangu, nisikie kama utaongeza ama utapunguza."

Kwa hiyo, Baba, kesho tunakwenda. Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshakabidhi ganda na jedwali. Kazi itakuwa imekwisha, na huenda nikashtakiwa kwa uongo niliousema. Mweleze Mama polepole, akiwa ameketi. Nisalimie bibi, umwambie rozari yake ninayo. Msalimie dada yangu Wakesho na shemeji mwenye duka, na mjomba anayepiga kengele ya kanisa. Wale waliojivunia cheo changu, waambie ukweli, usinifunike.

Nina jambo moja la mwisho. Nilipokuwa mdogo uliponipa manati, ulinikataza kuvuta mpira kabla sijazunguka nyuma ya ndege, nikarudi kukuambia nimeona nini. Niliona ni kupoteza wakati, kwa kuwa ndege walikuwa wakiruka kabla sijarudi. Jana, kabla ya kuondoka pale nyuma ya ofisi, niliinama nikaweka jicho kwenye lile tundu. Niliiona meza yangu, na kiti changu kitupu.

Nimezunguka, Baba. Nimeona mwanamke anashona.

Mimi mwanao,
Mwakio