Papa Kataliko, Viatu Viko Mlangoni Tena

Mwaka umetimia leo, Papa Lévi Kataliko, tangu Mungu akuite ukiwa umeinama kufunga kamba ya kiatu, wewe uliyetukataza kila siku kuinama bila kukunja magoti. Ee Papa! Hata Mama Kasoki, mke wako, katikati ya machozi alisema ungecheka.

Watu wa Goma walikuita Papa Mugongo. Ulikuwa mfanyabiashara wa Butembo kama wengine, mpaka siku ulipoanguka kutoka juu ya mzigo wa lori, ukalala Kampala huwezi hata kugeuka. Huko akakuinua mganga wa kiropraktiki, mtu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono mitupu. Ukasahau biashara, ukabaki kwake mpaka ukaijua kazi. Ndugu zako walisema umerogwa. Ulirudi na meza ndefu yenye tundu la kuwekea uso, ukafungua chumba chako hapa Goma.

Mtu akifika, ulimwambia avue viatu mlangoni, na kwenye viatu ndiko ulikoanzia. Uligeuza soli, ukaangalia kisigino kilicholika, kisha ukasema, "Papa Ntirenganya, ile chukudu yako unaisukuma na bega moja tu, la kuume." Ntirenganya, anayeteremsha viazi kutoka Kibumba kwa gari lake la mbao, alibaki mdomo wazi, maana hukuwahi kumwona akiwa kazini hata siku moja. Na sisi tuliokuzoea tulibaki mdomo wazi pamoja naye.

Halafu mikono. Uliiweka mgongoni ukanyamaza, na redio ya jirani ukaomba izimwe. "Mikono iko na masikio," ulisema. Ulingoja pumzi ya mtu itoke yote, ukasukuma kidogo tu, kwaa! Na yule aliyeletwa amebebwa akaamka akiuliza viatu vyake viko wapi. Lakini hukukubali kuitwa mtu wa miujiza.

"Goma ikikosa maharagi," ulisema, "si kusema mashamba ya Rutshuru imekufa. Pengine lori imekwama Kibumba, imefunga barabara. Mimi naondoa lori tu ku barabara. Maharagi inakuya yenyewe. Mungu aliumba mwili inajua kujiponya."

Mwenye homa, au mwenye miguu iliyokufa ganzi, hukumgusa. Ulimtuma hospitali upesi. "Malaria haina lori ku mugongo," ulimwambia, naye alicheka na homa yake.

Binti yako Charline ulimfundisha kazi ya vidole tangu akiwa msichana wa sekondari. Uling'oa unywele kichwani mwako, ukauficha chini ya ukurasa wa kalenda ya parokia, naye akautafuta macho yamefumbwa. Akiupata, uliongeza ukurasa mwingine. Alikasirika, alilia, na siku moja akaapa kwamba hakuna unywele, umemdanganya. Ukafunua: upo. Mwishowe akawa anaupata haraka kuliko wewe, ukasingizia uzee kwamba umezipunguza unene nywele zako. Lakini kwenye mgongo wa mtu, mkono wako ulikuwa daima juu ya mkono wake.

Ulipoondoka, Charline alifunika meza kwa kitenge. Watu walipobisha hodi alijibu, "Papa hayuko," akafunga mlango. Alituambia vidole vyake vimekuwa viziwi. Aliogopa, Papa.

Mama Kasoki naye alilala chini kwenye mkeka siku za kilio, kama mjane wa kwetu anavyolala. Kilio kikaisha, wageni wakarudi Butembo, yeye akabaki pale pale juu ya sementi. "Kitanda ile ni ya watu wawili," alisema. Baridi ya Goma unaijua. Juma hili, misa yako ya kumbukumbu ikikaribia, aliamka hawezi kugeuka. Hospitali walimpima, wakampiga picha, wakaona mifupa ni mizima, wakasema anahitaji mtu wa kumnyoosha. Mama akakataa kila mtu.

"Mikono yenye ilijua hii mugongo iko chini ya udongo," alisema. "Mwende ku misa ninyi. Mimi nabaki."

Misa ya mwaka wako bila Mama! Hilo lilitushinda. Alhamisi asubuhi ndugu yako Benny akamgeukia Charline. "Mutoto, unangojea nani?"

Charline akatoa kitenge mezani. Tulimbeba Mama tukamlaza kifudifudi, yeye akinung'unika njia nzima. Binti yako akachukua kwanza kandambili za mama yake, akazigeuza.

"Mama, uko unaegemea kushoto."

"Kushoto ndiyo fasi ya papa yako," Mama akajibu kutoka ndani ya tundu la meza. "Alikuwa anatembea upande ule."

Charline akaweka mikono mgongoni, akangoja, kisha akaiondoa. "Sisikie kitu, Mama. Haki, sisikie kitu."

"Papa yako alikuwa anangoja zaidi. Rudisha mikono. Niko napumua."

Akairudisha. Mama akapumua ndani, akapumua nje, na tukaona uso wa Charline ukitulia, kama alivyokuwa akitulia juu ya ile kalenda. Akasukuma kidogo tu. Kwaa!

Mama alitoa pumzi ndefu. Kisha akasema, "Mikono yako ni baridi kuliko ya papa yako," akaanza kucheka huku analia, na akiwa bado anacheka akajigeuza mwenyewe. Maumivu hayakuisha yote, lakini alikaa, halafu akasimama. Benny, mtu mzima vile, alipiga ishara ya msalaba. Sisi tulimtazama Charline, na Charline aliitazama mikono yake.

Mama akavaa kandambili. "Charline," akasema, "kunja ile mukeka."

Leo asubuhi alikwenda misani kwa miguu yake, akitokea kwenye kitanda chenu, ambako ameanza kulala katikati. Tuliporudi, Papa Ntirenganya alikuwa amefika kabla yetu, amekaa mlangoni kwa Charline, miguu mitupu, viatu vyake vimegeuzwa soli juu.

Mke wako Kasoki, binti yako Charline, ndugu yako Benny na jamaa yote ya Kataliko, hapa Goma na kule Butembo, tunakukumbuka kila tunaponyooka kusimama. Hatutakusahau kamwe, Papa.