Hapa Hapana Mtu

Demetria, mie nimekaa tu. Bibi kanisimulia leo habari ya babu Mwishehe.

Mwaka 1952 babu alikuwa mkalimani wa wapima ardhi. Barabara ya Kinondoni ilikuwa inaongezwa, ikakata kiwanja cha Bi Tabu, mama mkwe wake. Bi Tabu alishachimba msingi wa vyumba vya kupangisha.

Mzungu, mkuu wa wapimaji, akatazama, akasema hapa hapana mtu, yaani hapana wa kulipwa fidia.

Na Bi Tabu amesimama palepale! Babu akamtafsiria: "Anasema hapa hapana mtu."

"Na wewe, mkwe, waniona?"

"Mzungu anasema..."

"Sikukuuliza Mzungu."

Hapana mtu, Demetria! Babu akashika mnyororo wa kupimia, akampita.

Jioni bibi, binti wa Bi Tabu, akampakulia. Babu akala, akaomba chumvi, kana kwamba hakuna lililotokea.